Namna ya Kudhibiti Chumvi Katika Tangi la Matumbawe la Nyumbani

Karibu kila mtu anayeanza kufuga matumbawe nyumbani huuliza maswali yaleyale. Kwa nini chumvi inapanda ilhali sikuongeza chumvi? Nijaze maji gani? Mbona kipimo changu na cha muuza samaki havikubaliani? Nikikuta namba imekosea, nirekebishe leo hii au nisubiri? Nimeyajibu maswali haya kwa mdomo mara nyingi, na sasa ninayaweka kwa maandishi, kwa utaratibu wa kazi wenyewe, ili msomaji aweze kuufuata akiwa amesimama mbele ya tangi lake na ndoo mkononi. Mifano yangu ni ya Dar es Salaam kwa sababu ndiko ninakofugia, lakini hesabu ni zilezile popote.

Nadharia unayoihitaji ni ndogo. Maji ya bahari ya wazi katika ukanda wetu huwa na takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja ya maji hayo, nasi husema 35 kwa elfu. Vipimo vingine huonyesha uzito linganifu, yaani ulinganisho wa uzito wa maji ya chumvi na uzito wa maji matupu ya ujazo uleule na joto lilelile. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, 35 kwa elfu ni sawa na 1.0264, nasi huisoma 1.026. Lenga 35, na usiache namba itoke nje ya 34 na 36. Tangi linalokaa 34 mwaka mzima bila kuyumba ni salama kuliko linaloshinda 35 leo, 37 Ijumaa, na 33 Jumapili baada ya mwenyewe kushtuka na kumimina ndoo nzima ya maji.

Jambo la pili ni hili: maji yanapogeuka mvuke, chumvi haiondoki nayo. Maji yakipungua kwa mvuke, jaza maji yasiyo na chumvi. Maji yakiondoka kwa kuchotwa, kuvuja au kumwagika, chumvi imeondoka pia, basi rudisha maji ya chumvi. Ukilishika hilo, nusu ya makosa ya wanaoanza hutayafanya. Katika mwongozo huu ninaposema maji baridi ninamaanisha maji yasiyo na chumvi, si maji ya friji.

Kwa nini tusumbuke hivi? Samaki wengi wana uwezo wa kusawazisha chumvi ya mwili wao hata maji yakibadilika kidogo. Matumbawe, kiti cha pweza, konokono na kamba wengi ama hawana uwezo huo ama wanao kidogo tu. Maji ya ndani ya miili yao hufuata maji yanayowazunguka. Badiliko ambalo samaki hata halimkoseshi hamu ya kula, kiti cha pweza anaweza kufa kwalo.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Rifraktomita, yaani kile kipimo cha kutazamia kwenye mwanga. Haidromita ya plastiki yenye mkono unaoelea ni rahisi kwa bei, lakini inadanganya kwa urahisi pia: vipovu vya hewa vikishika kwenye mkono huuinua na namba husomeka juu, na chumvi ikigandia huuelemea na namba husomeka chini.
- Maji ya kusahihishia kipimo yenye 35 kwa elfu, ya dukani au ya kujitengenezea (nitaeleza katika hatua ya pili).
- Maji baridi safi ya RO, yaani yaliyosukumwa kupita kwenye utando unaozuia chumvi na madini, pamoja na kipimo cha madini yaliyoyeyuka, kile kinachouzwa kwa jina la TDS.
- Chumvi maalumu ya akwariamu ya baharini.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu. Kwa maji ya kusahihishia, tafuta inayosoma sehemu ya kumi ya gramu.
- Ndoo mbili au tatu za plastiki ambazo hazijawahi kutiwa sabuni, pampu ndogo ya kuchanganyia, hita, na mpira wa kunyonyea maji.
- Tepu au kalamu ya wino usiofutika, na daftari.

Kuhusu chumvi yenyewe, niseme wazi kwa sababu swali hili haliishi. Chumvi ya jikoni haifai, na chumvi ya mashamba ya chumvi kama ya Bagamoyo au Gongoni haifai pia, ingawa imetoka baharini. Maji ya bahari yanapoanikwa juani, chokaa na jasi hutangulia kuganda, kisha huvunwa chumvi ya kula, na yale maji machungu yaliyobeba magnesi huachwa nyuma. Ukiiyeyusha tena chumvi hiyo hupati maji ya bahari. Unapata maji ya chumvi tu, yasiyo na kalsi na magnesi ambazo tumbawe huzihitaji kujenga mifupa yake.

Kuhusu maji baridi, wa pwani tuna tatizo letu. Visima vingi vya Dar es Salaam, Mombasa na Unguja vina chumvi kwa sababu maji ya bahari huingia katika miamba iliyo karibu na ufuo, kwa hiyo ukijazia tangi kwa maji ya kisima unaongeza chumvi na chokaa kila siku huku ukidhani unapunguza. Maji ya bomba yana klorini. Maji ya kunywa ya chupa huwa na madini. Maji ya RO ya kujaziwa kwenye vibanda hufaa iwapo TDS yake ni sifuri au karibu na sifuri, lakini yapime kila unaponunua, maana wauzaji wengine huyarudishia madini kwa ajili ya ladha. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi yanaonekana safi kabisa, na watu huniuliza mara kwa mara kama yanafaa. Hayafai, kwa kuwa yamepita juu ya mabomba ya shaba, na shaba kidogo tu huua kamba na matumbawe. Maji ya betri usiyaguse kabisa, kwani dukani hukaa rafu moja na asidi.

Hatua za kazi

1. Pata ujazo halisi wa maji yako.

Pima urefu, upana na kimo cha maji kwa sentimita, zidisha, kisha gawanya kwa 1,000 upate lita. Tangi langu ni sentimita 90 kwa 45 kwa 45, yaani lita 182 likiwa tupu. Lakini mawe, mchanga, na nafasi iliyoachwa juu vimechukua sehemu yake, hivyo maji halisi ni kama lita 150. Kama una tangi la chini, lile wengi wanaloliita sampu, ongeza maji yake. Mifano yote inayofuata nimeifanya kwa lita 150. Njia ya uhakika zaidi, ikiwa ndiyo kwanza unajaza, ni kuhesabu ndoo unazomimina na kuandika jumla yake.

2. Sahihisha kipimo chako kabla ya kukiamini.

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nami niliwahi kuiruka. Rifraktomita yangu ilianguka mezani, nikaifuta, nikaendelea kuitumia. Ilisoma 31 wakati tangi lilikuwa 35. Nikaongeza chumvi alasiri moja mpaka kipimo kikasema 35, kumbe maji yamefika 39. Kabla jua halijazama kamba wangu wawili walikuwa wamelala ubavu juu ya mchanga, na tumbawe laini lililokuwa limetanda kama sahani likajikunja kama ngumi kwa siku 5.

Fungua kifuniko cha kioo, weka matone mawili au matatu ya maji ya kusahihishia yenye 35 kwa elfu, funika taratibu ili vipovu visibaki chini ya kifuniko, kisha subiri sekunde 30 ili joto la maji na la kioo yalingane. Elekeza kwenye mwanga wa dirisha na utazame: sehemu ya juu ni ya buluu na ya chini ni nyeupe, na mstari wa mpaka wao ndio namba yako. Kama mstari hauko kwenye 35, zungusha taratibu skurubu ndogo iliyo juu ya kifaa mpaka ufike hapo.

Karatasi ya maelezo ya vifaa vingi husema usahihishe kwa maji matupu kwenye sifuri. Usiishie hapo. Rifraktomita nyingi za bei nafuu zimeundwa kupimia maji yenye chumvi ya kawaida peke yake, na chumvi hiyo hupinda mwanga tofauti kidogo na mchanganyiko wa chumvi za bahari. Kifaa cha namna hiyo kikiwekwa sawa kwenye sifuri husoma 36.5 pale ambapo ukweli ni 35. Ukikisahihisha kwenye 35, palepale unapokihitaji, kosa hilo linaondoka.

Kama huwezi kupata maji ya kusahihishia, yatengeneze: pima gramu 36.5 za chumvi safi na kavu ya mezani, ongeza maji ya RO mpaka jumla ifike gramu 1,000, koroga mpaka yawe maangavu, kisha hifadhi katika chupa inayofunga vizuri. Ni 36.5 badala ya 35 kwa sababu ileile ya kupinda mwanga. Maji hayo ni ya kipimo tu, wala yasiingie kwenye tangi.

Angalizo moja kwa wa pwani: vifaa vingi hujirekebisha kwa joto kati ya nyuzi 10 na 30 tu. Wakati wa kaskazi, chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30 mchana, na namba unayoisoma saa nane haiaminiki. Pima asubuhi na mapema.

3. Pima na uandike.

Chukua maji kutoka mahali yanapotembea vizuri, si juu juu pembeni, na pima saa ileile kila siku kwa wiki mbili za kwanza, kisha mara mbili au tatu kwa wiki ukishaona namba imetulia. Suuza kioo kwa maji ya RO na ukifute kwa kitambaa laini kila ukimaliza. Daftarini andika tarehe, namba, joto, na lita ulizojaza. Lita hizo usiziache, maana ndizo zitakazokuambia baadaye tatizo limetoka wapi.

4. Weka alama ya usawa wa maji.

Pampu zote zikiwa zinafanya kazi na chumvi ikiwa 35 kamili, bandika tepu mahali maji yalipofika. Kwenye tangi lenye sampu, alama iwekwe katika chumba cha pampu ya kurudishia maji, kwa sababu ni hapo tu ambapo maji hupanda na kushuka. Tangi la juu hubaki na usawa uleule siku zote na halitakuonyesha kitu. Kamwe usijaze maji kwa kufuata alama wakati pampu imezimwa au umeme umekatika, kwani maji ya juu huwa yameteremka sampuni na alama haina maana kwa muda huo.

5. Rudisha kila siku maji yaliyopaa.

Tangi langu hupoteza karibu lita 3 kwa siku, na zaidi feni ya kupozea ikiwa inapuliza juu ya maji au kiyoyozi kikikausha hewa ya chumba. Lita 3 kati ya 150 ni asilimia 2. Ukisafiri siku 3 bila kuacha mtu wa kujaza, maji yamepungua lita 9 na chumvi imetoka 35 hadi karibu 37.2. Jaza kwa maji baridi mpaka kwenye tepu, kidogo kidogo, mahali penye mkondo mkali, wala usimimine juu ya tumbawe. Mara mbili kwa siku ni bora kuliko mara moja.

Kosa linaloonekana kuliko yote ni kujazia kwa maji ya chumvi kwa kudhani kwamba tangi la bahari hujazwa maji ya bahari. Kila lita ya namna hiyo huongeza gramu 36 hivi za chumvi ambazo hazina pa kwenda.

6. Changanya maji ya chumvi ya kubadilishia.

Weka maji ya RO kwenye ndoo kwanza, washa pampu na hita, maji yafike joto la tangi, ndipo uongeze chumvi kidogo kidogo. Ukianza na chumvi kavu kisha ukamimina maji juu yake, sehemu ya kwanza huwa nzito mno, na kalsi huganda kuwa unga mweupe usioyeyuka tena. Chumvi nyingi za dukani huhitaji gramu 36 hadi 40 kwa lita kutegemea mtengenezaji, kwa hiyo ndoo ya lita 20 huanzia gramu 720. Pima kwa rifraktomita na uongeze polepole. Tumia mizani badala ya kikombe, kwa kuwa chumvi iliyonyonya unyevunyevu wa pwani hubadilika uzito na ujazo wake. Ndoo ya chumvi uifunge kabisa kila baada ya kuchota, na kabla ya kuchota uigalagaze sakafuni, maana chembe nzito huzama chini na chembe nyepesi hubaki juu.

Acha pampu izungushe saa kadhaa, au usiku kucha kama mtengenezaji anavyoelekeza, kisha pima mara ya mwisho. Usiyeyushe chumvi ndani ya tangi lenye viumbe, hata kidogo. Chembe moja ikitua juu ya tumbawe huunguza nyama yake.

7. Badilisha maji bila kubadilisha chumvi.

Kabla ya kuchota, jaza kwanza maji baridi mpaka kwenye tepu. Ukichota kabla ya kufanya hivyo unatoa maji yaliyokolea, na ukirudisha ya 35 hujui tena umefika wapi. Chota lita 15, rudisha lita 15 zenye chumvi na joto lilelile la tangi.

8. Rekebisha namba iliyokosea, taratibu.

Kwanza sahihisha kipimo upya, kisha pima mara mbili. Ukihakikisha kwamba kosa ni la kweli, usivuke 1 kwa elfu kwa siku.

Chumvi ikiwa juu, angalia tepu kabla ya jambo jingine. Mara nyingi maji yamepungua tu, na kuyajaza kwa siku mbili hadi tatu kunamaliza tatizo. Maji yakiwa kwenye alama na bado kipimo kinasoma 38, toa lita 4 za maji ya tangi kwa siku na weka lita 4 za maji baridi; kwa lita 150, siku ya kwanza utafika 37, ya pili 36, ya tatu 35.

Chumvi ikiwa chini, njia ninayoipenda ni kuacha mvuke ufanye kazi. Badala ya kujaza kwa maji baridi, jaza kwa maji ya chumvi ya 35 kwa siku chache. Kutoka 32 hadi 35 kwa lita 150 unahitaji gramu 460 hivi za chumvi, sawa na lita 13 za maji ya 35. Kwa mvuke wa lita 3 kwa siku hiyo ni kazi ya siku 4 au 5, na hakuna kiumbe atakayeshtuka. Namba ikifika, rudi mara moja kwenye maji baridi. Andika tarehe ya kurudi kwa herufi kubwa ubandike juu ya ndoo, kwa sababu watu husahau na wiki inayofuata wanakuwa na 37.

Ukitumia maji ya bahari yenyewe

Anayeishi karibu na bahari ana haki ya kuuliza kwa nini anunue chumvi. Maji ya bahari yanafaa sana, ila chumvi yake si moja kila mahali na kila msimu. Wakati wa masika, maji ya mito kama Msimbazi hutandaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi, na dumu lililochotwa ufuoni baada ya mvua kubwa linaweza kuwa chini ya 30 huku likiwa limebeba uchafu wa mjini. Kwenye vidimbwi vya mwambani wakati wa kaskazi hali hugeuka, na jua huyakoleza. Chota ukiwa kwenye mashua, mbali na midomo ya mito na mifereji ya majitaka, na chota maji yanapojaa; yanapokupwa yanakuletea ya hori na ya mikokoni. Yachuje kwa kitambaa safi cheupe, yapime, kisha yaweke sawa kwa maji ya RO au chumvi maalumu kabla hayajaingia tangini. Msomaji aliye Dubai au Abu Dhabi ajue kwamba maji ya Ghuba mara nyingi hufika 40 au kuzidi, naye atalazimika kuyapunguza kila mara.

Uendapo baharini, chukua maji tu. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kipande kilichovunjwa kwa bisibisi kutoka mwambani kilichukua miaka mingi kukua.

Viumbe wapya

Wauza samaki wengi huwaweka samaki kwenye chumvi ya chini, 1.018 hadi 1.020, ili kupunguza vimelea na gharama. Pima maji ya mfuko kabla ya kufanya lolote. Samaki huvumilia kushuka kwa chumvi kuliko kupanda, kwa hiyo samaki aliyetoka 1.019 usimtie kwenye 1.026 siku hiyohiyo. Mweke kwenye tangi la karantini lenye chumvi sawa na ya mfuko, uipandishe kwa siku kadhaa. Kwa kamba, konokono na kiti cha pweza, tumia mpira mwembamba uliofungwa fundo, maji ya tangi yadondoke tone kwa tone ndani ya chombo chao kwa saa moja au mbili, hadi namba mbili zilingane.

Kifaa cha kujazia maji chenyewe

Boya au kihisi kinachowasha pampu ndogo kila maji yanaposhuka hukuondolea kazi ya kila siku, nami nakipendekeza kwa yeyote anayemudu. Ila fuata masharti mawili. Mdomo wa mpira wa kujazia usizame, tena ukae juu kuliko usawa wa maji ya ndoo ya akiba, vinginevyo pampu ikizima maji yataendelea kunyonywa yenyewe mpaka ndoo iishe. Na ndoo ya akiba isiwe kubwa kupita kiasi: kwa lita 150, akiba ya lita 20 ikimiminika yote inakushusha hadi 31 kasoro kidogo, lakini akiba ya lita 10 inakuachia 32.8, hali mbaya ambayo bado inarekebishika. Safisha boya kila wiki, kwani konokono mmoja akikaa chini yake anatosha kulikwamisha.

Matatizo yanayojitokeza mara kwa mara

Chumvi inashuka polepole ingawa najaza maji baridi peke yake. Kuna maji ya chumvi yanayoondoka bila wewe kuyahesabu. Angalia skima, kile kifaa kinachotoa uchafu wa maji kwa povu: kama kikombe chake kinajaa maji mepesi ya rangi ya chai, kila kikombe ni chumvi iliyotoka, na kifaa chako cha kujazia kimeweka maji baridi mahali pake. Angalia ukingo wa tangi na nyaya za taa. Ule ukoko mweupe unaokwaruzika kwa ukucha ni chumvi ya tangi lako, na ukiwa mwingi huonekana kwenye kipimo. Mwisho pitisha karatasi kavu kwenye maungio ya mabomba uone kama italowa. Na kama daftari linaonyesha kwamba lita za kujazia zimeongezeka bila joto wala feni kubadilika, karibu hakika kuna mvujo.

Chumvi inapanda polepole ingawa najaza kila siku. Pima TDS ya maji ya kujazia. Ikiwa ni ya RO na imepanda, utando au vichujio vimechoka.

Vipimo viwili vinatofautiana. Usichukue wastani wa namba mbili zisizoaminika. Vitie vyote kwenye maji ya kusahihishia, na kisichosoma 35 kirekebishwe au kiachwe.

Mstari wa rifraktomita una ukungu. Kuna matone machache mno, kioo kina mafuta ya vidole, au chumvi ya juzi imekaukia juu yake. Safisha, rudia.

Kifaa cha kujazia kimemwaga ndoo nzima usiku. Kichomoe kwanza, zima skima kwa sababu usawa wa sampu umepanda na itafurika, kisha angalia sakafu. Kama sakafu ni kavu, chumvi yako yote bado imo ndani ya tangi, imepunguzwa ukali tu. Usiongeze chumvi hata gramu moja. Acha kujaza maji, na mvuke wa lita 3 kwa siku utakurudisha kwenye tepu na kwenye 35 kwa pamoja, baada ya siku 3 na ushei kwa ile akiba ya lita 10. Kama sakafu imelowa, chumvi imetoka nje pamoja na maji: subiri mvuke uteremshe maji hadi kwenye alama, pima, kisha fuata njia ya kupandisha iliyo katika hatua ya 8, na uache taa zikiwa hafifu mpaka matumbawe yafunguke tena.